Upanga wa babu aliyepigana Burma: ni wa kale au wa kiwandani?

#1 Mjukuu wa Keya
Wakuu, salaam. Babu yetu mzaa baba alikuwa askari wa keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki), akaenda Burma kwenye vita vya pili. Alirudi na vitu viwili, koti zito la baridi na upanga wa Mjapani. Koti lililiwa na nondo. Upanga umekaa darini, nyumba ya Songea, umefungwa kwenye gunia tangu nikiwa sijazaliwa. Mwezi uliopita bibi naye katutoka. Kwenye kugawana vyombo upanga ukaniangukia mimi, maana hakuna aliyeutaka.

Nimeupima kwa futi ya cherehani. Kutoka ncha mpaka makali yanapoishia ni sentimita 64 na nusu. Umepinda kidogo, una makali upande mmoja. Ala imevikwa ngozi ya kahawia. Mpini umesukwa kamba bapa kwa misalaba juu ya ngozi nyeupe yenye vipele vipele. Katikati ya mpini kuna kijiti cha mwanzi, nimekisukuma kwa msumari butu kikatoka, mpini ukavuka wenyewe. Ndani kuna msuka (mkia wa chuma unaoingia mpinini) wenye kutu, matundu mawili na maandishi upande mmoja. Picha nimeweka.

Kuna jamaa wa mjini anataka kunipa milioni tatu leo leo. Haraka yake ndiyo inayonitisha. Huu ni upanga wa masamurai wa zamani au ni wa jeshi, umetoka kiwandani?

#2 Siti ya Mbele
Nimekaa. Kahawa na kashata viko mezani.

#3 Dalali Mstaafu
Milioni tatu bila maswali? Huyo hatafuti upanga. Kuna watu wanaamini vitu vya vita vina zebaki nyekundu, ndio hao hao waliomaliza redio za mbao na rupia za Mjerumani. Atakupasulia mpini, akikosa anakuachia kuni.

#4 Mla Ndizi
Kabla ya bei toeni majini kwanza. Upanga ulioua watu haulali nyumba moja na watoto.

#5 Yadi Nagoya
Mjukuu, mimi niko Nagoya, kazi yangu magari, mapanga nimeyajulia ukubwani. Mji wa Seki hauko mbali na hapa. Huo ni mji wa wahunzi wa mapanga tangu enzi, siku hizi wanaishi kwa visu na nyembe. Jirani yangu wa yadi ni mzee wa Kijapani, mkusanyaji. Nimemwonyesha picha zako.

Maandishi yanasomwa kutoka juu kwenda chini: Noshu, ju, Kane, na herufi ya mwisho imeishia nusu pale mwisho wa msuka. Noshu ni jina la zamani la jimbo la Mino, leo Gifu, ambako Seki iko. Ju ni mkazi. Yaani "mkazi wa Mino, Kane-fulani". Kazi iko kwenye huyo fulani. Wahunzi wa Seki wamerithishana hilo Kane kwa karne na karne: Kanemoto, Kanesada, Kanetsune, Kanefusa, orodha haiishi. Ni sawa na kuniambia babu yako alikuwa Mwinyi-nani-sijui wa Bagamoyo.

Kwa urefu umevuka shaku mbili, yaani sentimita 60.6, kwa hiyo ni katana. Chini ya hapo ungeuita wakizashi, chini ya sentimita 30 tanto.

Kama ni wa kale au wa juzi, mzee hajasema. Kauliza mawili tu: kutu ya msuka ina rangi gani, na kwa nini upande mmoja unang'aa?

#6 Mjukuu wa Keya
Unang'aa kwa sababu baba mdogo aliupiga msasa ili maandishi yaonekane vizuri kwenye picha.

#7 Yadi Nagoya
Yallah.

#8 Siti ya Mbele
😂😂 Kashata imenikwama.

#9 Mswahili wa Leicester
Baba mdogo amechoma kadi ya gari.

Niwaeleze wasiojua. Upanga wa Mjapani bapa lake husuguliwa upya kila baada ya vizazi kadhaa, kwa hiyo bapa linaweza kung'aa kama jipya na lina miaka 400. Msuka hausuguliwi kamwe. Kutu yake inaachwa ikae na ndiyo inayohesabiwa miaka. Ya kale ni hudhurungi nzito inayokaribia weusi, imetulia, ukipitisha kidole hakichafuki. Ya upanga wa miaka ya 1940 mara nyingi ni nyepesi, chuma bado unakiona kwa chini, au ni nyekundu inayomomonyoka kwa sababu ya unyevu. Ndani ya kutu kuna michirizi ya tupa aliyoiacha mhunzi, na kila ukoo ulikuwa na mchoro wake. Wa Mino walipenda michirizi inayokutana katikati kama unyoya wa mwewe. Msasa unafuta vyote viwili kwa mkupuo.

Usiruhusu mtu aguse upande wa pili. Hata kitambaa chenye mafuta ya taa usikubali.

#10 Mjukuu wa Keya
Asante mkuu. Upande wa pili haujaguswa. Rangi ni ya buni zilizokaangwa zikaungua kidogo. Kidole hakichafuki ila pembeni karibu na tundu la chini kuna wekundu.

#11 Jogoo la Shamba
Mbona mnazunguka. Una maandishi, basi ni wa kale. Vya kiwandani vina namba.

#12 Mswahili wa Leicester
Hapana, na kosa hilo limewaliza wengi.

Upanga wenye namba ni ule wa masajini, aina ya 95, yaani wa mwaka 1935. Bapa lake ni la mashine, namba zimegongwa kwenye bapa karibu na mpini, na mpini wenyewe ni wa alumini ya kumimina iliyopakwa rangi ifanane na kamba. Huu wa Mjukuu una mpini wa mbao wenye ngozi ya samaki taa, kwa hiyo ni vazi la ofisa, aina ya 94 au 98, za mwaka 1934 na 1938. Ofisa alinunua upanga wake mwenyewe. Asiye na kitu alichukua wa dukani uliofuliwa Seki kwa wingi, na huo nao ulikuwa na sahihi ya mhunzi. Mwenye urithi alichukua upanga wa mababu zake akauvika nguo za jeshi. Kwa hiyo ndani ya ala zinazofanana kabisa unaweza kukuta chuma cha 1550 au cha 1942.

Na kinyume chake pia ni kweli. Panga nyingi za kale hazina maandishi hata nukta moja.

#13 Bint Wete
Samahani naingilia. Hiyo ngozi ya vipele ni ya taa kweli? Huyu taa tunayemla?

#14 Mswahili wa Leicester
Huyo huyo, jamii yake. Vipele vinashika kamba isiteleze. Kwenye mpini wa ofisa angalia kama kuna shanga moja kubwa kwenye vipele vya mgongoni, mafundi walipenda kuiweka ionekane.

#15 Fundi wa Gerezani
Mimi mhunzi, baba yangu mhunzi. Hao watu wanatumia udongo. Wanapaka tope bapa zima, mgongoni nene, kwenye makali jembamba. Wanachoma mpaka rangi ya jua la magharibi halafu ndani ya maji. Makali yanapoa haraka yanakuwa magumu, mgongo unapoa polepole unabaki laini. Na ule upindo haupigwi kwa nyundo, unakuja wenyewe majini, makali yanatanuka yanausukuma mgongo. Nilijaribu kwa springi ya gari. Nimevunja sita, wa saba ukapinda upande usiotakiwa.

Kiwandani wakati wa vita walichovya kwenye mafuta kupunguza hasara ya kupasuka. Ndiyo maana nauliza, mpaka wa makali na mgongo unaonekanaje? Zima taa ya dari, washa balbu moja tu, shika upanga usawa wa macho kama unavyochungulia ubao kama umenyooka, ielekeze ncha kwenye balbu uuzungushe taratibu.

#16 Mjukuu wa Keya
Nimefanya sasa hivi, nusu saa nzima, mke wangu anadhani nimerukwa na akili. Kuna ukungu mweupe umefuata makali toka chini mpaka juu. Haukunyooka. Una vilele, vinakuja kama vitatu vitatu, cha katikati kirefu kidogo. Sehemu nyingine umepotea chini ya madoa.

#17 Yadi Nagoya
Vitatu vitatu?? Ngoja nimpigie mzee.

#18 Bint Wete
Jamani mimi nina la kuchekesha. Mume wangu alikuwa na kitabu cha mapanga hayo, mchoro mmoja wa huo ukungu unaitwa choji, na choji kwa Kijapani ni karafuu! Vichwa vya duara vyenye shingo nyembamba, ukiangalia ni karafuu mtupu imelala ubavu. Na mafuta ya kupaka panga wanayaita mafuta ya choji. Nikawaza, kumbe tumewapakia masamurai mapanga yao na hatukulipwa.

#19 Dalali Mstaafu
Bint Wete usimpe wazo, kesho atatumbukiza upanga kwenye pipa la mafuta ya karafuu.

#20 Mswahili wa Leicester
Bint Wete uko sahihi. Choji ni sifa ya wahunzi wa jimbo la Bizen, hasa ukoo wa Ichimonji, enzi za Kamakura (karne ya 12 hadi 14). Ila kwa Mjukuu: karafuu tupu USIPAKE. Mafuta yao ni laini mepesi yaliyotiwa harufu ya karafuu kidogo tu. Chukua mafuta ya cherehani, matone mawili, pakaza utando usioonekana, futa kwa karatasi laini. Shika upanga kwa mgongo wake. Jasho la vidole linaacha alama ya kutu ndani ya siku chache.

#21 Keya Mwenzio
Niko Machakos. Babu yangu pia alikuwa Burma, sisi alituambia alinyang'anya upanga siku Wajapani waliposalimu amri mwaka 1945. Wa babu yako bila shaka ni wa siku hiyo.

#22 Mhifadhi Nyaraka
Tuangalie tarehe. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw kwenye masika ya 1944, matope mpaka kiunoni na malaria, ikafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba na kuvuka mto Chindwin. Mwanzoni mwa 1945 ilirudishwa India kupumzika. Vikosi vya Tanganyika kwenye divisheni hiyo vilikuwa keya ya 26 na ya 36. Kama babu alikuwa huko, Japani inasalimu amri Agosti 1945 yeye hakuwa mbele ya Mjapani yeyote wa kumpa upanga.

Lakini brigedi ya 28 ilibaki, ikawa kwenye mapigano ya mto Irawadi Februari 1945, nayo ilikuwa na keya ya 46, ya Tanganyika pia. Brigedi ya 22 nayo ilikuwa Arakan, pwani ya Burma. Mjukuu, karatasi ya kuachishwa jeshi ipo? Namba ya kikosi itatuambia.

#23 Mjukuu wa Keya
Karatasi ipo ila panya wameshaipitia. Inasomeka "6" mwishoni. Mbele yake shimo.

#24 Siti ya Mbele
26, 36 na 46 zote zinaishia 6 😂 Huu ukoo una laana ya ushahidi.

#25 Bukavu Wetu
Wakubwa, nami niongeze. Kule Burma kulikuwa na hospitali ya Wakongo pia, ya kumi, ilifuata hiyo divisheni ya 11. Babu yangu alikuwa mwuguzi pale. Alisema majeruhi walileta vitu vya Wajapani na kubadilishana kwa sigara. Saa, bendera, visu. Labda babu yenu hakumwua mtu yeyote, alilipa sigara tu.

#26 Mla Ndizi
Hiyo ya sigara nimeipenda. Majini yamepungua.

#27 Mwana wa Pwani
Kwani mna hakika ni wa Mjapani? Pwani yote tuna vitara vilivyopinda, vya Oman, vya Yemen. Mzee aliyepita pwani anaweza kununua chochote.

#28 Fundi wa Gerezani
Kitara hakina mpini unaovuka kwa kijiti cha mwanzi, na hakina ule mstari mkali unaokimbia ubavuni kutoka msuka mpaka ncha. Tena kitara ni cha mkono mmoja. Huu mpini unameza mikono miwili na nafasi inabaki.

#29 Yadi Nagoya
Nimerudi. Mzee kakaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekata.

Vilele vitatu vitatu vinaitwa mierezi mitatu. Ni alama ya Kanemoto wa Seki, hasa yule wa pili aliyeitwa Magoroku, mwanzoni mwa miaka ya 1500. Msuka unasema Kane na nusu ya herufi. Mnaona tunakoelekea. Sasa tulieni, maana mzee alicheka kabla ya kuendelea.

Kwanza, jina likiwa kubwa uongo nao ni mkubwa. Ni mita iliyorudishwa nyuma. Gari limetembea kilomita laki tatu, dashibodi inasoma elfu arobaini, na kila mtu yadini anajua. Wana msemo kuhusu Kotetsu, mhunzi wa miaka ya 1600: ukiona Kotetsu jua ni bandia. Sahihi za uongo zilichongwa zamani zile zile, kwa hiyo hata kutu yake ni ya kale kweli. Ndiyo maana mkaguzi mzuri anaanza na chuma. Umbo, upindo, mishipa ya bapa, ule ukungu, ncha. Akishajua nani angeweza kuufua ndipo anafungua mpini kuona kama jina linakubali.

Pili, mierezi ya Magoroku mwenyewe haikupangika, kimoja kirefu, kingine kimelala. Waliorithi jina wakaipanga sawasawa zaidi na zaidi. Na Seki ya wakati wa vita waliifua hiyo hiyo mierezi kwa maofisa, kwa sababu ilipendeza na jina lilisifika. Vikiwa sawasawa kama meno ya msumeno, ni vya wajukuu au vya jeshi. Mjukuu, vinalingana?

#30 Mjukuu wa Keya
Karibu na mpini vinalingana. Kuelekea ncha vinachanganyikiwa. Sijui ni yeye au ni madoa.

#31 Jogoo la Shamba
Haya sasa. Magoroku ni bei gani?

#32 Dalali Mstaafu
Nilikuwa nasubiri nani atauliza.

#33 Mswahili wa Leicester
Kabla ya bei tafuteni mhuri. Panga nyingi za Seki za wakati wa vita zina mhuri mdogo kwenye msuka, juu ya sahihi au kwenye ubavu mwembamba: ama herufi ya Showa (enzi ya mfalme Hirohito), ama ya Seki. Ukiwepo huo, mjadala wa 1500 umekufa. Ukiwa ni nyota, furahini kidogo, ni wa wahunzi walioidhinishwa na jeshi la nchi kavu, hao walifua kwa mkono na chuma cha asili. Usipokuwepo haithibitishi chochote, wengi hawakugongewa. Na kama kuna mwaka upande wa pili, ukianza na Showa jumlisha 1925. Showa 18 ni 1943.

#34 Mjukuu wa Keya
Upande wa pili hauna maandishi. Mhuri sioni. Ila baba mdogo alianzia msasa pale juu kabisa.

#35 Fundi wa Gerezani
Msasa wa mkono haufuti mhuri uliogongwa, labda kama alitumia grenda. Muulize kwa upole.

#36 Mjukuu wa Keya
Nimemuuliza. Amesema "msasa tu". Mtoto wake kasema kulikuwa na cheche.

#37 Siti ya Mbele
CHECHE 😂😂😂 Naomba mods wabandike uzi huu juu.

#38 Bint Wete
Maskini mzee alitaka kusaidia.

#39 Mhifadhi Nyaraka
Mimi inanisumbua ile nusu ya herufi. Imekatwaje? Zamani upanga mrefu ulifupishwa kwa kukata msuka kutoka chini na kupandisha makali. Sahihi ilisogea chini, mara nyingine ikakatwa, na tundu jipya likatobolewa juu ya la zamani. Mjukuu ana matundu mawili na sahihi iliyokatika mwishoni. Inaingia moja kwa moja.

#40 Mswahili wa Leicester
Inaingia, ila si njia pekee. Kuelekea mwisho wa vita walitoa mpini wa vijiti viwili, na msuka wake ulitobolewa matundu mawili kiwandani. Tena panga za zamani zilitobolewa upya ziingie mpini wa jeshi bila kufupishwa. Matundu mawili yana hadithi tatu. Angalia kingo zake: tundu la kale lilitobolewa kwa mkono, si duara kamili, kingo zimelika. La mashine ni duara kamili.

#41 Mjukuu wa Keya
Shangazi kaamka na mapya. Anasema miaka ya sitini mpini ulilegea, babu akaupeleka kwa fundi wa karakana, na fundi "akapunguza chuma kule ndani". Anakumbuka kwa sababu babu alirudi amenuna, hakula siku hiyo.

#42 Fundi wa Gerezani
Basi aliyekata ni huyo. Nusu ya herufi iko kwenye jalala la Songea.

#43 Yadi Nagoya
Inawezekana, lakini mbona mpini wa jeshi bado upo na unakaa? Mpini ukilegea unaongeza kipande cha mbao, hukati msuka. Fundi gani huyo?

#44 Fundi wa Gerezani
Mafundi wapo wa kila aina, hata magari mnayotuletea yanatuonyesha.

#45 Yadi Nagoya
Limenifika hilo.

#46 Mpita Njia Dodoma
Na mimi nina upanga, nilinunua nje. Bapa linang'aa kama kioo, lina joka limechorwa toka juu mpaka chini, mpini wa shaba una sura ya simba. Jamaa aliniambia wa mfalme.

#47 Mswahili wa Leicester
Mkuu wewe una pambo la ukutani. Ukungu wake bila shaka umechorwa kwa tindikali. Ukiutazama kwa jicho la kukuzia huo wa tindikali ni doa la juu juu, limelala kama chokaa. Wa kweli umo ndani ya chuma, una vitone vinavyometa kama umande mwembamba. Ofisa wa Kijapani hakuweka joka kwenye bapa zima wala simba kwenye mpini. Maua yao yalikuwa ya cheri.

#48 Mpita Njia Dodoma
Basi sawa. Nitauza kama wa mfalme vilevile.

#49 Keya Mwenzio
Babu wa rafiki yangu alitoa wake Madagaska 1942. Huko pia keya walipigana.

#50 Mhifadhi Nyaraka
Keya walipigana Madagaska, ndiyo, lakini na Wafaransa wa Vichy, wale walioshirikiana na Mjerumani. Wajapani walifika bandari ya Diego Suarez na nyambizi ndogo za watu wawili wawili mwishoni mwa Mei 1942, wakaipiga meli ya kivita Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Wawili waliokimbilia nchi kavu waliuawa na Waingereza. Nafasi ya babu huyo kukutana na upanga pale ni ya kupenya tundu la sindano.

#51 Mjukuu wa Keya
Hebu niulize kuhusu hiki kikingio, tsuba. Si cha shaba yenye maua ya cheri kama picha za mtandaoni. Ni cha chuma, cheusi, duara lisilo kamili, kimetobolewa umbo kama la magurudumu mawili. Vibati vyembamba vya pembeni vimegongwa 27. Chenyewe hakina namba.

#52 Yadi Nagoya
Tsuba ya chuma kwenye nguo za jeshi! Mzee atapenda hii. Seti ya ofisa kwa kawaida sehemu zote zina namba moja, vibati, tsuba na pete ya mpini. Hiyo ni ya zamani, ya nyumbani kwa mtu. Ama ofisa aliiweka kwa mapenzi yake, ama mtu baadaye alibadilisha. Chungulia ndani ya yale matobo. Ukiona mstari mwembamba uliotuna unapita katikati ya ukuta wa tobo, ni ya kumimina, nakala. Ya kufua haina. Ikining'inizwa kwa uzi na kugongwa kwa kucha italia kengele, ya kumimina inalia kigae.

#53 Mjukuu wa Keya
Mstari sioni. Nimegonga. Inalia vizuri, mtoto kaomba igongwe tena.

#54 Dalali Mstaafu
Kumbe jamaa wa milioni tatu anataka hiyo bati tu.

#55 Mswahili wa Leicester
Si ajabu. Tsuba zina wakusanyaji wake wasiojali upanga kabisa. Msipake rangi ya viatu, msipige msasa. (Baba mdogo asome hapa.)

Kuhusu bei, mnaniandama inboksi. Umri peke yake haulipi. Kinacholipa ni mhunzi, hali ya bapa na karatasi. Ufa ukikata makali thamani inaporomoka hata angekuwa nani. Ncha ikivunjika mpaka ule ukungu haurudi nyuma kuzunguka ncha, hivyo hivyo. Karatasi zinazoheshimiwa zinatoka kwa chama cha kuhifadhi panga cha Tokyo, NBTHK, kilichoanzishwa 1948, ngazi ya chini inaitwa Hozon na kuna tatu juu yake. Kusugua bapa na msuguaji mwenye ujuzi kunalipiwa kwa urefu, na kwa upanga wa kawaida gharama inaweza kupita bei ya upanga.

#56 Jogoo la Shamba
Si ampelekee huyo mzee wa Nagoya aupeleke kwa hao wakaguzi?

#57 Yadi Nagoya
Thubutu. Hapa upanga lazima uandikishwe, na unaoandikishwa ni ule uliofuliwa kwa njia ya asili. Ukikutwa ni wa jeshi, chuma cha kiwandani, hauandikishwi na haurudi. Unaingia forodhani upanga, unatoka chuma chakavu. Leo hii Mjukuu akiutuma ni kamari ya upande mmoja.

#58 Mswahili wa Leicester
Uingereza nayo, tangu 2008 upanga uliopinda wa sentimita 50 kwenda juu umepigwa marufuku, ila uliotengenezwa kabla ya 1954 au kwa njia ya asili unaruhusiwa. Lakini hapa nakubaliana na Nagoya, picha nzuri kwanza. Msuka pande zote mbili, ncha, na bapa lote kipande kwa kipande.

#59 Mla Ndizi
Shangazi anasemaje kuhusu kuuza?

#60 Mjukuu wa Keya
Shangazi kasema upanga hauendi popote mpaka arobaini ya bibi ipite, na kwamba yeye aliupasulia madafu mwaka mzima kwa hiyo ana haki kuliko wote.

#61 Mswahili wa Leicester
MADAFU?

#62 Mjukuu wa Keya
Ndiyo hilo pengo dogo kama punje ya mchele, kiganja kimoja kutoka ncha. Nilidhani ni la vita.

#63 Fundi wa Gerezani
Na halijapasuka zaidi ya hapo. Mimi kwangu hicho ni cheti tosha. Chuma cha duka kingeacha pengo la punje ya hindi.

#64 Yadi Nagoya
Mzee hatakubali jaribio la madafu lakini nitamfikishia. Mjukuu, rudisha mpini mahali pake halafu uniambie kijiti kimepita tundu lipi. Hilo hatujauliza kumbe.

#65 Mjukuu wa Keya
Nimerudisha. Kijiti kimepita tundu la juu, limekaa barabara, halichezi. La chini limeangukia mahali ambapo mpini hauna tundu kabisa, mbao nzima.

#66 Mhifadhi Nyaraka
Basi si mpini wa vijiti viwili. Hadithi moja imetoka.

#67 Yadi Nagoya
Hilo la chini limekata herufi, au mhunzi alizikwepesha?

#68 Mjukuu wa Keya
Naona kama limegusa mguu wa "Kane". Au ni cheche za baba mdogo. Umeme umekatika hapa, kesho mchana nitatoa nje nipige picha.

#69 Fundi wa Gerezani
Ukitoka nje, baba mdogo mtume sokoni.